Nyumba ya Akida

Jumanne, 13 Februari 1951

Ruangwa. Mvua tangu alfajiri.

Sina wa kusema naye, basi nasema na daftari hili. Lilikuwa la marehemu. Alilileta kutoka kempu ya Wazungu wa karanga kule Nachingwea, alikokuwa dereva. Kurasa za mbele ameandika mambo ya mafuta ya trekta, za nyuma nyeupe. Baba aliponifundisha herufi kule Malolo wenzake walimcheka — mtoto wa kike atamwandikia nani? Najiandikia mwenyewe, baba.

Mume wangu Kaimu tumemzika. Homa ilimchukua mbio, hata uji wake ulibaki kwenye bakuli. Mimi nimeingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii, sitoki. Dirisha limefungwa. Uani naenda nimejifunika, narudi. Mafuta sipaki, wanja sipaki, nje sichungulii. Bibi Mwanamvua, jirani yetu mzee, amehamia hapa anichotee maji na kunipikia.

Leo nimesikia watu nje. Wanazunguka nyumba, wanagonga kuta. Ko, ko, ko — kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Sauti moja ni ya Amiri, mtoto wa dada yake Kaimu. Nyingine siijui. Huyo mgeni akasema ukuta ni mzuri ila ukuta haubebeki. Amiri akacheka.

Na mimi nimo humu ndani! Wananigonga pamoja na nyumba.

Alhamisi, 15 Februari

Amiri amekuja tena kunipa pole. Alikaa barazani, mimi nyuma ya mlango. Maneno laini, kama anayembembeleza mbuzi aingie zizini.

"Mama, kwetu Wamwera mali ya mjomba ni ya mpwa. Hilo sikulizua mimi."

Akasogea karibu na mlango.

"Nyumba hii nitaiuza. Lakini wewe usiwe na hofu. Eda ikiisha, ukitaka, nitakurithi. Utakaa kwangu na mke wangu."

Alilisema hilo kama anayetaja meza baada ya kutaja kitanda. Mtoto huyu nilimpikia mimi wakati wa jando lake!

Nikamuuliza nyumba ina thamani gani. Akasema hayo si mambo ya mwanamke wa eda, nimwombee marehemu.

Namwombea. Mikono na mdomo vinamwombea. Kichwa kinauliza: nyumba hii ina thamani gani? Miaka miwili na zaidi nimeishi humu na sijui. Kaimu aliniambia tu kwamba ameipata kwa jasho la karanga. Nikafurahi. Nikafagia. Sikuuliza.

Jumapili, 18 Februari

Nimeanza kumuuliza Bibi Mwanamvua. Kiswahili chake kinakwenda kikichechemea, akichoka anaingia Kimwera, nami namfuata huko huko.

Kumbe yeye anaijua nyumba hii tangu haijawa nyumba! Alikuwa mtoto mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Akida wa Mdachi aliletwa kutoka pwani, mtu wa kanzu na kiboko, akataka nyumba ya mawe ili watu wamwone kwa mbali. Watu wa hapa wakabeba mawe kutoka mtoni. Wanaume, wanawake, hata watoto. Bibi alibeba kichwani kwa kata ya majani.

"Alilipa nini?" nikamuuliza.

Akageuka, akainua nguo yake mgongoni. Si yeye aliyepigwa, alisema, ni mama yake, lakini alitaka nione ni mahali gani. Akaonyesha kwa kidole mgongo wake mwenyewe, mstari kwa mstari.

Basi hiyo ndiyo bei ya kwanza.

Nimelala mchana, ukuta karibu na uso wangu. Mawe yamefunikwa udongo, hayaonekani. Nilikuwa nikiona ukuta mnene kuwa baraka — jua halipenyi. Leo naona unanikaribia.

Jumanne, 20 Februari

Mvua. Bati linapiga kelele mpaka mtu hawezi kusikia dua yake. Stoo inanuka nta. Miaka mingi nta imeyeyukia sakafuni, ukikanyaga ni baridi na inateleza. Hakuna jipya. Nimesuka ukili, nimeufumua, nimeusuka tena.

Jumatatu, 26 Februari

Bibi ameendelea. Nimemwachia anywe chai kwanza, bila sukari, sukari imekwisha.

Vita vya Majimaji vilipokuja, watu walianza na nyumba hii. Paa lilikuwa la nyasi, likawaka mara moja. Akida aliuawa njia ya Mbekenyera. Kuta zikabaki. Na mke wake akabaki — mwanamke wa pwani, hana ndugu huku, hana wa kumrudisha kwao. Akaishi ndani ya kuta bila paa, peke yake.

Halafu njaa. Bibi anapotaja njaa ile anashusha sauti kama yenyewe iko mlangoni inasikiliza. Watu walichimba ming'oko msituni, na ming'oko ikaisha. Mke wa akida akamwita mjomba wake Bibi, akamwambia nipe mtama, chukua nyumba. Akampa pakacha moja. Moja!

"Alikwenda wapi yule mama?"

"Alikula mtama. Akaondoka kabla mvua haijaanza. Hatukumwona tena."

Mjomba hakuitaka nyumba, aliiogopa, akafungia mbuzi humo. Mpaka alipofika Mhindi mmoja mwenye duka la nguo. Akampa mjomba gobore na majora ya kaniki, mbuzi wakatolewa. Huyo ndiye aliyeweka bati. Bati nene la zamani hizo, lililobebwa vichwani kutoka Lindi. Watu walikuja kutoka Malolo kulitazama tu. Mvua ya kwanza walisimama nje wanalowa, wanasikiliza.

Bibi alicheka, akakohoa. Kisha akasema Mhindi naye aliondoka, ile miaka bei ya kila kitu ilipoanguka. Nyumba akaichukua Abdulatifu, mnunuzi wa nta, kwa nta ya msimu mmoja.

Na Abdulatifu ndiye aliyempa Kaimu. Hapo Bibi hajui walipatanaje. "Mambo ya wanaume wawili kwenye baraza," alisema. "Waliongea, wakashikana mikono."

Kwa jasho la karanga, alisema Kaimu.

Ijumaa, 2 Machi

Baada ya sala wazee walikaa barazani kwangu. Nilisikiliza nyuma ya mlango, miguu imekufa ganzi.

Mwalimu Hasani, anayesomesha watoto Kurani, alinisimamia. Alisema sisi ni Waislamu kwanza. Hajira hana mtoto, basi robo ya alichoacha mumewe ni yake, na hakuna ruhusa kumtoa mjane nyumbani mpaka eda yake iishe. Wazee wawili wakasema mila ni mila, ilikuwapo kabla ya msikiti. Wakabishana. Mwishowe wakapatana kwamba Amiri anaweza kuuza, lakini mimi nisitolewe.

Hakuna aliyegeuka kuniuliza mlangoni.

Robo ya nyumba! Ni ipi? Hii stoo ya nta?

Jumamosi, 10 Machi

Mgeni! Dionisia wa Nachingwea! Tulikaa nyumba moja kempuni, yeye na mumewe Saturnini chumba cha huku, sisi cha kule. Saturnini alikuwa mpishi wa Wazungu wa karanga. Nimemkumbatia mpaka Bibi akaguna.

Amekuja na habari. Kazi ya karanga imeanguka, sasa ni dhahiri. Tulisikia maneno mwaka jana, lakini yeye ameona. Matrekta yamesimama porini, nyasi zinapita kati ya magurudumu. Wazungu wanafunga masanduku. Saturnini amepewa barua ya kuachishwa na sufuria mbili kubwa. Wanarudi kwao upande wa Ndanda, yeye ametangulia kupitia hapa ili anione.

"Dada, vyumba vinafungwa kila siku. Mabati, milango, mabomba — watu wanasema vyote vitauzwa. Vitajaa kote kama kumbikumbi."

Hapo nikamwelewa Amiri na haraka yake! Bati la kempu likimwagwa, bati la nyumba hii halitauzika. Mwaka wa arobaini na nane watu walikuwa wanasema reli itapita Ruangwa, pajengwe mji, kila mwenye kibanda akajiona tajiri. Leo nyumba hii ina thamani ya paa lake tu, na paa lenyewe linashuka bei kila lori linapotoka Nachingwea.

Dionisia analala na mimi. Anasali kwa rozari yake kwenye kona, mimi kwa tasbihi yangu. Bibi anasema Mungu leo anasikia kelele.

Jumanne, 13 Machi

Niandike polepole.

Mzee Abdulatifu amekuja kutoa rambirambi. Alikuwa Lindi, ndiyo maana amechelewa. Alikaa barazani, pazia katikati yetu. Akamsifu Kaimu — dereva hodari, mtu wa maneno matamu. Nikaona nafasi ni hapa hapa. Nikamuuliza: mzee, samahani, nyumba hii marehemu aliinunua kwako kwa kiasi gani?

Nikasikia akisogeza fimbo.

"Kwani hujui, binti? Kwa ile mikorosho yako."

Nikasema mikorosho gani.

"Ya Nkowe. Shamba la marehemu baba yako. Mimi nilimpa nyumba, yeye akanipa mikorosho. Watu walinicheka sana mwaka ule! Abdulatifu amepata wazimu, anatoa nyumba ya bati kwa miti. Sasa waje wanicheke. Wahindi wa Lindi wanazitaka korosho hata kabla hazijakauka."

Nikasema — sijui hata sauti ilitoka wapi — mzee, mikorosho ya baba iliungua. Kaimu aliniambia. Moto wa msitu, kiangazi kile, yote ikaisha.

Halafu akasema taratibu:

"Haujaungua hata mmoja. Kaimu aliniambia umeridhia."

Nilimsikia akiaga. Dionisia alinikuta nimekaa sakafuni.

Kaimu! Niliulilia moto ule. Wewe ulinifuta machozi kwa mkono wako. Ulisema usiende Nkowe, utaumia kuona majivu. Ukaniletea kanga mpya. Mwezi uliofuata ukaniambia funga vitu, nimepata nyumba ya bati Ruangwa. Kwa jasho la karanga!

Baba alipanda miti ile nami nikimshikia ndoo ya maji. Aliniambia, mwanangu, mume anaweza kukuacha, mkorosho haukuachi.

Jumatano, 14 Machi

Mume hakuniacha. Amenifungia. Nimevaa nguo za eda kwa ajili yake, nimekaa ndani ya kitu alichokipata kwa kuniibia, na siwezi hata kufungua mlango nikatazame njia ya Nkowe.

Sikumwombea leo. Bibi ameona.

Alhamisi, 15 Machi

Labda mzee anadanganya. Wanunuzi hudanganya.

Dionisia amesema nitakwenda mimi, dada. Nina miguu na sina eda. Kuna lori la mnunuzi wa ufuta linapita Nkowe asubuhi. Nikamweleza: ukivuka kijito, jabali jeusi, shamba upande wa kushoto. Mkorosho wa kwanza umegawanyika shina tangu chini, nilikuwa nakaa pale katikati nilipokuwa mtoto. Ameondoka na kipande cha muhogo mkononi.

Nimezunguka vyumba kama kuku aliyefungwa mguu. Kitanda — stoo — ua — kitanda.

Jumamosi, 17 Machi

Amerudi! Matope mpaka magotini.

Ipo. Yote ipo. Imepaliliwa vizuri, kivuli chake kimekutana juu, humo chini ni giza na baridi. Ule wenye mashina mawili umekuwa mkubwa hivi kwamba Dionisia alikaa pale katikati, mtu mzima, akakaa vizuri. Alinichumia majani. Nimeyavunja, nimeyanusa. Ndiyo yenyewe.

Nilicheka kwanza. Halafu nikalia, na nilipolia nikagundua ninamlilia Kaimu — si kwa kuwa ameniibia, kwa kuwa hayupo nimuulize. Hata matusi hayana pa kwenda.

Dionisia akasema wanaume wa kempu wote walikuwa na wazimu ule ule, kila mmoja alitaka arudi kwao na kitu cha kuonekana kwa mbali. Labda alidhani anakupa kitu kikubwa zaidi, alisema.

Labda. Mbona basi alisema moto?

Alhamisi, 22 Machi

Dionisia ameondoka, anataka Pasaka imkute kwao. Nyumba imerudi kuwa ndogo.

Kabla hajaondoka nilimwita Amiri, nikamwambia mbele ya Dionisia na Bibi: nyumba hii haikununuliwa kwa mali ya mjomba wako. Ilinunuliwa kwa mikorosho yangu. Kwa hiyo si ya kurithi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Shahidi wako nani, mama?"

Nikasema Abdulatifu.

"Basi aseme. Akisema, mimi nitanyamaza."

Alijiamini. Kwa nini alijiamini vile?

Jumatatu, 26 Machi

Sasa najua kwa nini.

Nilimtuma Bibi kwa Abdulatifu, naye akaja, akakaa pale pale nyuma ya pazia. Si mtu mbaya. Hilo ndilo gumu. Ameleta hata sukari.

Nilimwomba aseme mbele ya wazee kwamba nyumba ililipiwa kwa mikorosho yangu.

"Nitasema," akajibu. "Lakini wataniuliza: mwenye mikorosho aliridhia? Hapo wewe useme ndiyo. Ukisema ndiyo, nyumba ni yako, Amiri hana lake, na mimi nabaki na shamba langu kwa amani."

"Na nikisema sikuridhia?"

Fimbo yake ikagonga sakafu, mara moja.

"Ukisema hukuridhia, binti, basi mapatano yale si mapatano. Miti inarudi kwako, nyumba inarudi kwangu. Nami nitakuwa nimepalilia shamba la mtu miaka yote hii. Kwa hiyo, ukitaka kusema hivyo, usinitume mimi kuwaita wazee."

Halafu akasema lililonichoma zaidi: "Na utakuwa umemwita mumeo mwizi, mbele ya watu, nawe bado unavaa nguo zake za msiba."

Aliondoka. Nimekaa na sukari mkononi.

Nikisema ndiyo, napata kuta hizi. Na uongo wa Kaimu unakuwa wangu — kana kwamba mimi ndiye niliyeisaliti miti ya baba. Nikisema hapana, namvua nguo maiti, na silali chini ya paa lolote. Nikinyamaza, Amiri anauza.

Milango mitatu, na yote mtu anaifungia kwa nje!

Jumatano, 28 Machi

Nimemuuliza Bibi angefanya nini. Akasema yeye hakuwahi kumiliki kitu cha kumpa mtu taabu hiyo. Akaendelea kuchambua mchicha.

Jumatano, 4 Aprili

Ngazi. Nimesikia ngazi ikiegemezwa ukutani.

Nikapiga kelele kutoka ndani: nani! Amiri akaja mlangoni, adabu tele.

"Usishtuke, mama. Ni fundi wa Lindi. Mnunuzi anataka bati kesho kutwa, lori lipo."

"Wazee walisema nisitolewe!"

"Nani anakutoa? Hujatolewa. Utakaa humo humo mpaka umalize. Naondoa bati tu. Mwalimu hakusoma aya ya bati."

Akasema hivyo na mtu mmoja huko nje akacheka. Misumari ikaanza kulia. Kila mmoja unaung'ang'ania ubao, kisha unaachia kwa sauti ya jino linalong'olewa.

Mvua za mwisho hazijakwisha.

Ijumaa, 6 Aprili

Nusu ya nyumba haina paa. Jana ilinyesha. Kitanda tumekihamishia stoo, mimi na Bibi, tumekaa juu ya nta kama vibuyu viwili. Matope yameanza kushuka kutoka ukutani na mawe yanatokea. Bibi ameyatazama kwa muda mrefu.

Mwalimu Hasani alikuja, akamfokea Amiri, Amiri akamwamkia kwa heshima na kazi ikaendelea. Mwalimu akaniambia kupitia mlangoni, kwa uchungu, kwamba naweza kuhamia kwa mke wake, dharura inaruhusu. Amiri alikuwa anasikia. Nilijua hilo ndilo analolisubiri — nikitoka tu, atasema nimeiacha nyumba kwa hiari yangu, na kesho kuta nazo zina mwenyewe mwingine.

Nikasema sitoki.

Mwalimu akasema kesho atawaita wazee tena, na safari hii atamwita na Abdulatifu, apende asipende.

Mke wa akida. Ninamfikiria yule mama siku zote hizi. Alikaa humu, anga juu, akangoja mpaka pakacha la mtama likaonekana kuwa bei nzuri.

Jumamosi, 7 Aprili

Naandika nikiwa juu. Penseli, daftari, vyote nimevipandisha, nimevifunga ndani ya nguo.

Ilikuwa hivi. Fundi alirudi asubuhi kumaliza upande uliobaki. Nikasikia msumari wa kwanza juu ya stoo, juu ya kichwa changu kabisa, na kitu ndani yangu kikasimama. Nikamwambia Bibi nishikie meza. Nikaweka stuli juu ya meza. Bibi akasema umerukwa na akili, na akaishika. Nikakamata boriti, nikajivuta. Goti limechubuka. Nikatokea pale palipokwisha kuvuliwa, kichwa kwanza, kama kifaranga.

Fundi nusura aanguke.

Nikatambaa, nikaja kukaa juu ya bati lililobaki. Nimejifunika mwili wote, uso tu. Nikasema kwa sauti: "Sijatoka. Nimo nyumbani mwangu."

Looo! Soko zima likanyanyua macho. Wanawake wenye mitungi, watu wa muhogo, watoto. Amiri alikuja mbio, anapiga kelele shuka, mama, unatutia aibu. Nikamwambia onyesha mguu wangu ulipokanyaga nje. Hakuweza. Watu wakaanza kubishana — mjane aliye juu ya paa lake yuko ndani au nje? Mmoja anasema paa ni nyumba. Mwingine anasema paa ni nje, ndiyo maana linaloa. Wamempeleka mtu amwite Mwalimu Hasani atoe hukumu. Amri ya Amiri ni kwamba fundi angoje. Fundi amekaa pembeni yangu, mbali kidogo kwa heshima, anatafuna muwa.

Upepo! Nilikuwa nimesahau upepo. Unapita chini ya kitambaa unanigusa shingo. Naona migomba, naona mtama wa watu umeanza kuinamisha vichwa. Na kule, ukipita nyumba ya mwisho, naona njia nyekundu inayokwenda Nkowe. Tangu mwezi wa pili sijaona kitu kilicho mbali kuliko ukuta.

Nimetazama chini pia, ndani ya vyumba. Kutoka juu ni vidogo! Kitanda, meza, stuli, na Bibi amesimama katikati bado ameshika meza, hajui kwamba nimekwisha kuiacha. Hivi ndivyo nilivyokuwa nagombania? Nilipanda ili nilizuie bati hili. Nimekaa juu yake, na kadiri ninavyokaa ndivyo ninavyoliona kuwa ni bati.

Baiskeli njiani. Nimeitambua kabla ya mtu yeyote. Abdulatifu, kanzu ameikunja magotini, anakanyaga kwa nguvu zake zote za uzee. Anaona paa limevuliwa nusu. Sasa anapiga kelele kwa mbali, naona mdomo tu, upepo unachukua maneno.

Fundi amesafisha midomo. Akaniuliza kwa upole: "Bibi, mimi nina lori linanisubiri. Unasogea au husogei?"

Nikasogea.

Amiri amepiga makofi! Anawaambia watu mmeona, mmeona, amekubali. Maskini. Abdulatifu amefika, ameiacha baiskeli ianguke yenyewe. Sasa namsikia vizuri. "Acheni! Acheni hilo bati! Msivue!" Watu wanamshangaa, nyumba si yake tena, inamuuma nini? Ameinua uso, tumetazamana. Bila pazia, kwa mara ya kwanza. Yeye ameelewa: nyumba itakayorudi kwake haitakuwa na bati.

Mwalimu Hasani naye huyo, na wazee wawili nyuma yake. Anauliza pale chini kwa sauti ya msikitini: Hajira binti Mohamedi, mikorosho ya Nkowe ilipotolewa, uliridhia?

Jibu langu liko kule, kwenye njia nyekundu. Fundi anasema nimshikie kona ile ya bati kwanza, lisije likamwangukia mtu.